Mwambao wa Ahadi: Safari ya Takaungu hadi Mambrui



Pwani ya Kilifi na Malindi imepita mikononi mwa watawala wengi. Walikuwapo masheikh wa miji ya kale, wakaja Wareno, wakafuata Wamazrui, kisha masultani wa Unguja, kisha kampuni ya Waingereza na serikali yao, na tangu 1963 ni Kenya huru. Katika mapito hayo yote adhana haikukatika. Miji mingine ilikufa na mingine ikazaliwa, lakini kila kizazi kilimkuta maalim akisomesha na kadhi akigawa mirathi.

Kwa hiyo, kwa watu wa mwambao, swali hili ni la nyumbani kabisa: nchi ambayo hukumu yake haiko mikononi mwa Waislamu, wanazuoni wetu waliiitaje, na walimwambia nini Muislamu aishiye ndani yake? Swali limekuwa zito zaidi miaka hii, kwa kuwa wapo waliowaendea vijana wetu kwa siri wakawaambia kwamba hapa ni nchi ya vita, na kwamba damu na mali ya jirani asiyekuwa Muislamu haina uzito. Zipo nyumba katika mwambao huu ambazo mpaka leo mama anangoja kijana asiyerudi. Tuliona ni bora kulichukua swali hili njiani, sisi na vijana wetu, tukatembea kutoka Takaungu hadi Mambrui, na kila kituo tukakisoma pamoja na vitabu.

Kwanza tufahamu majina. Qur'ani Tukufu haikuigawa dunia kwa istilahi za dar al-Islam na dar al-harb. Mafaqihi wa karne ya pili ya Hijra, akina Imamu Abu Hanifa (aliyefariki 150 H, yaani 767), wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, na baadaye Imamu Shafii (aliyefariki 204 H, yaani 820), ndio waliozitumia kupanga hukumu za vita, mikataba, biashara na safari. Zama hizo kila dola ilihesabiwa kuwa adui wa jirani yake mpaka pawepo mkataba. Wanazuoni, na hasa wa madhehebu yetu ya Shafii, wakataja na fungu la tatu: dar al-sulh au dar al-ahd, nchi ya suluhu na ahadi, ambayo watu wake si Waislamu lakini wamefungamana na Waislamu kwa mapatano. Fungu hili la tatu ndilo tutakalokutana nalo mara nyingi zaidi njiani.

Takaungu

Takaungu ni mji mdogo ukingoni mwa mlango wa bahari, kusini ya Kilifi, wenye misikiti, minazi na nyumba za zamani zilizochoka. Sehemu ya Wamazrui walihamia hapa baada ya Seyyid Said kuwaondolea utawala wa Mombasa 1837. Wenzao wakaenda Gasi, upande wa kusini. Mji ulistawi kwa kilimo na biashara, na mtawala wake alikuwa akiheshimiwa mpaka mbali.

Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliikabidhi kampuni ya Waingereza uendeshaji wa pwani yake. Mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki mwanzoni mwa 1895, kampuni ilimtambua mwanawe, Rashid bin Salim, na jamaa wengine waliojiona wana haki zaidi wakakataa. Ugomvi wa nyumba moja ukageuka vita vya pwani nzima. Mbaruk bin Rashid wa Gasi akaingia vitani, na hatimaye Aprili 1896 akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Katikati ya vita hivyo, tarehe 1 Julai 1895, wazee wa pwani walikusanywa Mombasa wakatangaziwa kwamba serikali ya Uingereza inachukua nafasi ya kampuni. Waliahidiwa mbele ya hadhara kwamba dini ya Kiislamu na mila zao zitaheshimiwa. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo Sultani Hamid bin Thuwaini akatia saini mkataba: Waingereza waendeshe ukanda wa maili kumi, wamlipe pauni 11,000 kwa mwaka, na nchi iendelee kuwa yake. Bendera nyekundu ikabaki ikipepea. Hata bara ilipofanywa koloni 1920, mwambao uliitwa hifadhi, na mwenyewe kwenye hati alikuwa Sultani.

Hapo kijana mmoja katika msafara akauliza, "Maalim, basi baada ya 1895 nchi hii iligeuka kuwa ya vita?"

"Mwanangu," akajibiwa, "mwulize Imamu Abu Hanifa kabla hujaniuliza mimi."

Imamu Abu Hanifa alisema nchi iliyokuwa ya Kiislamu haigeuki kuwa dar al-harb mpaka yatimie mambo matatu kwa pamoja: hukumu zisizokuwa za Kiislamu zitawale waziwazi, nchi hiyo ipakane na dar al-harb pasipo nchi ya Waislamu katikati, na pasibakie Muislamu wala dhimmi aliye salama kwa salama aliyokuwa nayo mwanzo. Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani walitosheka na sharti la kwanza peke yake. Tazameni basi umbali baina ya mwalimu na wanafunzi wake. Mwalimu aliangalia usalama wa watu, wanafunzi wakaangalia sheria inayotawala. Kwa kipimo cha mwalimu Takaungu haikugeuka, kwani msikiti ulisaliwa, nikaha zilifungwa na kadhi alihukumu. Kwa kipimo cha wanafunzi pana mjadala, maana makosa ya jinai yalianza kuhukumiwa kwa sheria za Kiingereza, ilhali ndoa na mirathi zilibaki kwa makadhi. Maimamu wakubwa wakihitilafiana hivi katika jambo moja, mtu asithubutu kulikata kwa neno moja la mkanda aliousikia usiku.

Mnarani

Kutoka Takaungu tulifika Mnarani, juu ya jabali la kusini ya mlango wa Kilifi. Zamani wasafiri walivuka hapa kwa feri, na tangu 1991 liko daraja. Magofu ya Mnarani yamekaa kivulini mwa mibuyu: msikiti uliochongwa maandishi ya Kiarabu, kaburi la nguzo, na kisima kirefu. Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17.

Kutoka juu yanaonekana maji yanayoingia ndani ya bara, kwenye nchi ya Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda. Tangu kale watu wa miji na watu wa bara walifungamana kwa mapatano ya biashara, hifadhi na undugu. Pembe, nafaka na sandarusi zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Njaa ilipoingia mjini, watu walikimbilia bara. Vita vilipoingia bara, watu walikimbilia mjini. Faqihi angekaa hapa juu akatazama pande zote mbili, angeliona fungu la tatu kwa macho yake.

Hapa tulimtaja pia Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H, yaani 1328). Aliulizwa juu ya mji wa Mardin, ambao wakazi wake walikuwa Waislamu na watawala wake wakiwa chini ya Wamongoli. Alijibu kwamba mji huo ni wa kuchanganyika: haukuwa dar al-Islam iliyotimia, wala haukuwa dar al-harb. Yeye ambaye jina lake hutajwa sana na wapenda vita, alikataa kuubandika mji wa Waislamu jina la nchi ya vita.

Gede

Barabara ya kaskazini hupita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha ikafika Gede. Mji huu mkubwa umo ndani ya miti, na una msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima na makaburi. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 H, yaani 1399. Wakazi waliuacha mji katika karne ya 17. Julai 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Watoto waliufurahia sana mji wa mawe uliomezwa na mizizi. Sisi wakubwa tulisimama mbele ya kibla. Kibla kipo, safu za nguzo zipo, mahali pa kutawadha papo, na asiyekuwapo ni mwenye kusali. Hapo ndipo fatwa ya Shihabuddin al-Ramli (aliyefariki 957 H, yaani 1550), mwanachuoni wa Shafii wa Misri, ilipotuingia vizuri.

Sheikh huyo aliulizwa juu ya Waislamu wa Aragon, katika Andalusia, walio chini ya mfalme wa Kikristo. Mfalme huwatoza kodi ya ardhi, lakini wana misikiti, wanasali, wanafunga Ramadhani na wanasimamisha dini yao waziwazi. Je, ni wajibu wahame? Alijibu kwamba si wajibu, maadamu wanaweza kuidhihirisha dini. Na zaidi ya hayo hawaruhusiwi kuhama, kwa sababu wakiondoka ndipo mahali pao patakapogeuka kuwa dar al-harb. Kabla yake al-Mawardi (aliyefariki 450 H, yaani 1058) alikwisha kusema kwamba Muislamu akiweza kuidhihirisha dini katika nchi ya wasiokuwa Waislamu, kukaa kwake humo ni bora kuliko kuondoka, kwa matumaini kwamba wengine wataujua Uislamu kupitia kwake.

Wapo waliosema kinyume, na haki ni kuwataja. Al-Wansharisi wa Fas (aliyefariki 914 H, yaani 1508), mwanachuoni wa Maliki, alishikilia kwamba Waislamu wa Andalusia wahame bila udhuru wa mali wala nyumba. Alikuwa na sababu yake: aliyaona mateso yanakuja, na miaka michache baadaye Waislamu wa Hispania walilazimishwa kubatizwa. Sura ya An-Nisaa nayo inawalaumu waliobaki wakadhulumiwa katika dini yao hali waliweza kuondoka, kisha inawatoa lawamani wanyonge wasiokuwa na hila. Ufunguo kwa wote ni mmoja: je, dini inaweza kusimamishwa, na watu wako salama? Masahaba waliohamia Habasha yapata 615 waliishi chini ya mfalme Mkristo mwadilifu, na Jaafar bin Abi Talib alibaki huko hadi mwaka wa 7 wa Hijra, wakati Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwisha kuwa na dola Madina. Hakuna aliyemlaumu. Habasha ni jirani yetu, na kisa hiki tukihesabu kuwa chetu.

Malindi

Malindi ndiko tulikokaa siku nyingi. Juu ya ncha ya bahari umesimama mnara wa msalaba wa Wareno, na watalii huuzunguka wakipiga picha. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, Muislamu, alimpokea kwa suluhu na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Malindi ilikuwa na hasimu karibu yake, ikamtafuta rafiki wa mbali.

Ahadi hiyo ilizaa nini? Wareno walipoanza kujenga ngome Mombasa 1593, walimhamishia huko sheikh wa Malindi awe mtawala. Lakini kila walipopata nguvu waliikanyaga ahadi. Hasan bin Ahmad, sultani wa ukoo wa Malindi, alidhulumiwa, akakimbilia bara, akauawa 1614 kwa hila yao. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, akapelekwa Goa, akabatizwa na kulelewa na watawa, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliasi, akaiteka ngome na kuurudia Uislamu. Katika maasi hayo waliuawa Wareno na Waafrika Wakristo, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto. Kuvunjwa kwa ahadi ni dhuluma, na historia imeisajili. Lakini mauaji ya wanawake na watoto wasioshika silaha hayakuhalalishwa na mafaqihi hata katika vita vya halali, na hatuwezi kuwasomesha watoto nusu ya kisa tukaficha nusu.

Upande wa pili wa bahari, Malabar, Zaynuddin al-Malibari, mwenye Fath al-Mu'in inayosomwa katika madrasa zetu, aliandika pia historia ya vita dhidi ya Wareno. Alihimiza kupigana na Wareno kwa dhuluma zao, na katika kitabu hicho hicho akamsifu mtawala wa Calicut, Mhindu, kwa uadilifu wake kwa Waislamu. Aliwapima wote wawili kwa matendo: nani anatimiza ahadi na nani anaivunja.

Karibu na Msikiti wa Ijumaa wa Malindi yako makaburi ya nguzo ya zama za kale. Mji uliokuwa umekufa ulifufuliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama za Sultani Majid, ukawa mashuhuri kwa mtama na ufuta. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Sheria ya kale haikuruhusu kumtia mtu utumwani ila mateka wa vita halali. Lakini wafanyabiashara walilichukua jina la nchi ya vita wakaliweka juu ya bara nzima, wakanunua watu waliotekwa nyara vijijini mwao, na miongoni mwao wakiwamo Waislamu. Watoro walikimbilia vichakani wakajenga vijiji vyao, kama Fuladoyo. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda wetu 1907. Tumelitaja hili kwa kuwa ndilo somo kali kuliko yote ya safari: istilahi iliyowekwa na mafaqihi ili kuzuia na kupanga, mikononi mwa wenye tamaa iligeuzwa kuwa kibali.

Mjini humo humo iko mahakama ya kadhi, na mbele yake mtu huikumbuka ahadi ya mwisho. Tarehe 8 Oktoba 1963, London, Sultani Jamshid aliuachia mwambao ujiunge na Kenya. Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, walikuwa wamekwisha kuandikiana barua zenye ahadi tano: uhuru wa ibada na kulindwa kwa majengo ya dini, kudumu kwa mahakama za makadhi katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, maofisa Waislamu kuwekwa, kadiri iwezekanavyo, katika sehemu zenye Waislamu wengi, watoto wa Kiislamu kusomeshwa Kiarabu kadiri iwezekanavyo, na hati za milki ya ardhi kutambuliwa wakati wote.

Ahadi ya makadhi ilijadiliwa kwa ukali kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, na imethibiti katika ibara ya 170 ya Katiba. Mjane anayekwenda kudai thumuni yake, na binti anayenyimwa fungu lake na kaka zake, wana mlango wa kubisha. Ahadi ya ardhi ina jeraha pande mbili. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wako Waislamu waliopoteza mashamba ya wazee wao, na wako Wamijikenda wengi waliofanywa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Anayedai ahadi ya tano bila kumtazama jirani yake, anadai nusu ya haki.

Mambrui

Ukivuka mto Sabaki, maji yake mekundu yakiingia baharini, unafika Mambrui, mji wa maulidi, wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyungu vya Kichina. Hapa tulizikusanya hukumu, tukazipa sura ya nyumbani.

Imamu Shafii anasema katika al-Umm kwamba Waislamu wakiingia nchi ya vita kwa amani waliyopewa, basi wenyeji nao wako salama kutoka kwao. Haiwajuzii kuwadhulumu wala kuwafanyia khiyana. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mgeni katika nchi ya vita, itakuwaje kwa aliyezaliwa hapa, akachukua kitambulisho na pasipoti, na kusoma shule pamoja na watoto wa jirani? Anayemwambia kijana kwamba mali ya jirani ni halali kwake amemtoa katika madhehebu ya Shafii, wala hakumwingiza katika nyingine.

Mfano wa pili ni riba. Abu Hanifa na Muhammad al-Shaybani waliruhusu Muislamu aliye katika dar al-harb kuichukua kutoka kwa mwenyeji. Abu Yusuf, Malik, Shafii na Ahmad walikataa, kwa hoja kwamba haramu haigeuki kwa kuvuka mpaka. Wako wanaoikopa ruhusa ya Abu Hanifa wanapokwenda kuweka pesa, na kuisahau salama ya jirani ambayo Abu Hanifa aliifanya sharti. Mwambao ukiwa nchi ya ahadi, unatufunga pande zote: tutimize kodi na mikataba, tuache riba na rushwa, na tudai haki zetu kwa hoja na kwa mahakama. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la al-Islah Mombasa 1932 na kuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, aliishi chini ya Waingereza. Hakuwaambia watu wahame wala wachome; aliwahimiza wasome, waache bid'a na uvivu, na wasiwaige watawala katika maovu.

Tunawaomba wazazi wawapeleke watoto wao katika vituo hivi likizo ijayo, wakiwa na vitabu na wakiwa na maalim anayevijua. Kijana aliyegusa kaburi la Gede na kuusikia ukweli wa Malindi kutoka kwa babake hatakuwa mwepesi wa kuamini sauti ya gizani. Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea, atupe nguvu ya kutimiza ahadi zetu, na awahimize walioahidi watimize zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.